Daktari Ajibu Swali, Faili Libaki Kabatini

Leo nataka tuzungumze habari za bunduki. Usishtuke, sizungumzii ile ya wapiganaji wa msituni ambayo tumeizungumza mpaka ndimi zimechoka. Nazungumzia ile yenye kibali cha serikali, inayolala ndani ya sefu ya mwenye hoteli, au ya mfanyabiashara wa mifugo, au ya mstaafu aliyeuza nyumba yake Nakuru akaja kununua shamba huku kwetu Lamu apate kuzeeka akisikia upepo wa kusi.

Huyo mstaafu ndiye hasa niliyemkusudia. Amehama. Vitanda vimehama, mbuzi wamehama, na bastola aliyoimiliki kihalali miaka mingi nayo imehama naye. Leseni ya silaha hapa Kenya huhuishwa kila mwaka, kwa hivyo hata akinyamaza, haupiti mwaka kabla ya kujikuta mbele ya meza mpya, na askari wasiomjua, katika mji ambao majirani watamjua kabla hajamaliza kufungua mizigo. Kwenye meza hiyo ataulizwa habari za afya yake, na hasa afya ya akili. Ninalotaka kuliuliza ni hili: daktari aseme nini, na nani ayasikie?

Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, ni ya enzi za mkoloni, na lugha yake imefuata ya Uingereza. Inamzuia mtoa leseni kumpa silaha mlevi, mtu asiye na akili timamu, au yeyote ambaye kwa sababu yoyote hafai kuaminiwa nayo. Maneno hayo ni mapana kama bahari ya Kiwayu. Kwa miaka mingi aliyeamua nani ana akili timamu alikuwa afisa wa polisi kwa kumtazama mtu usoni. Desemba 2014, kwa yale marekebisho ya sheria za usalama yaliyopitishwa Bungeni kwa vurugu, ikaundwa Bodi ya Leseni za Silaha. Kisha Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, akatangaza kwamba raia wote wenye silaha za leseni wachunguzwe upya, akawapa siku 90. Utimamu wa akili ukawa miongoni mwa mambo ya kuthibitishwa, na cheti cha karatasi kikapisha kadi ya kielektroniki.

Mimi siwalaumu kwa kuuliza. Nalisema hili mapema, maana najua kuna wasikilizaji watakaodhani nimekuja kumtetea kila mwenye bastola. Agosti 2021, katika mji wa Plymouth kule Uingereza, kijana aliyekuwa amenyang'anywa leseni kisha akarudishiwa aliua watu watano, akiwemo mama yake mzazi, halafu akajiua. Miezi michache baadaye Uingereza ikaweka mwongozo kwamba polisi wasitoe leseni kabla ya kupata taarifa kutoka kwa daktari. Hapa kwetu, Desemba mwaka huohuo, konstebo mmoja wa polisi eneo la Kabete, Nairobi, alimuua mkewe na watu wengine watano kwa bunduki ya serikali kabla ya kujimaliza. Huyo hakuwa raia mwenye leseni, alikuwa askari. Lakini mama aliyempoteza mwanawe hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba bunduki ilikuwa ya fungu lipi. Kwa hivyo daktari aulizwe. Aulizwe na ajibu.

Sasa njoo tumfuate mstaafu wetu anapokwenda kulitafuta hilo jibu. Yuko Amu, yaani mjini Lamu. Hospitali ya King Fahd ipo, na ina watu wanaofanya kazi kwa moyo, lakini mabingwa wa maradhi ya akili nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Huenda akaambiwa aende Mombasa. Basi atapanda boti mpaka Mokowe, apande basi, asubiri msafara wa askari katika vizuizi vya njiani, alale Mombasa, na asubuhi aende kwenye kitengo cha akili cha Port Reitz, jina ambalo kwa watu wengi wa pwani lina maana moja tu. Mtu akikuona umekaa kwenye benchi lile hatakuuliza kama umekuja kutafuta karatasi ya leseni. Atarudi Amu, na kabla boti yako haijatia nanga, habari itakuwa imeshapita usita wa mui kutoka Langoni hadi Mkomani na kufika Mkunguni, ambapo wazee watakuwa wameshaitolea fatwa.

Hilo ni la macho ya watu, na macho ya watu hayana sheria. La karatasi ndilo lenye sheria, na ndilo linalonikera zaidi. Tuseme daktari ni mwema na makini. Anamkagua, anamwona ni mzima, kisha anaketi kuandika ripoti. Hajaambiwa aandike kiasi gani. Basi anaandika yote, kama alivyofundishwa chuoni: kwamba mwaka fulani, alipofiwa na mkewe, mgonjwa alikosa usingizi miezi sita akapewa dawa, kwamba aliwahi kunywa pombe akaacha, kwamba babake mdogo alikuwa na wasiwasi wa akili, kwamba ana sukari na presha, na hii hapa orodha ya dawa zake. Mwisho kabisa, mstari mmoja: anafaa. Karatasi hiyo inatiwa katika bahasha, na pengine hata bahasha hakuna. Inapita mikononi mwa karani, mikononi mwa afisa wa kituo, inapigwa nakala dukani kwa sababu mashine ya ofisini haina wino, na mwenye duka ni shemeji wa mtu. Katika Nairobi ya watu milioni kadhaa, karani asingejua ripoti hiyo ni ya nani. Katika mji wetu anajua, na anamjua mkwewe pia.

Mwenye jahazi akimwita fundi na kumuuliza kama chombo kinaweza kufika Kismayu, fundi hukizunguka, hugonga mbao, hutazama kalafati, kisha husema: kinakwenda, au hakiendi mpaka kitengenezwe. Hamsimulii kila abiria tangu lini ubao wa tatu uliwahi kuvuja. Daktari wa leseni ameulizwa swali la namna hiyohiyo, nalo lina jibu fupi. Anafaa. Hafai. Anafaa lakini aonwe tena baada ya miezi kadhaa. Bodi haihitaji kujua zaidi ya hapo ili iamue, na ikihitaji, kama mtu amekata rufaa kwa mfano, basi iombe kwa maandishi na mwenyewe ajulishwe.

Wala si fikra yangu mwenyewe niliyoizua kwenye kipaza sauti. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, inamlinda mtu asilazimishwe bila sababu kufichua habari za familia yake na mambo yake ya faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inaweka siri ya mgonjwa kuwa wajibu wa anayemtibu. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyotiwa saini Novemba 2019, inaitaja hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na inataka anayekusanya taarifa achukue kile tu kinachohitajika kwa kazi aliyoitaja. Na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilipofanyiwa marekebisho, haki za mgonjwa wa akili, ikiwemo ya kutunziwa siri, ziliandikwa waziwazi.

Lakini mwanasheria wa serikali atakuja na ukurasa mwingine wa Sheria hiyohiyo ya Ulinzi wa Data, unaosema kwamba masharti mengine yanaweza kuwekwa kando usalama wa taifa ukihitaji. Na hapa, msikilizaji, mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa. Neno usalama sisi tumelilipia. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 60, tuliwekewa kafyu. Wavuvi wetu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na samaki wengine hawavuliwi mchana hata ukiwabembeleza. Mwaka 2015 ikaja operesheni ya usalama katika msitu wa Boni, na Waaweri, wenyeji wake, wakaambiwa msitu waliozaliwa ndani yake hauingiliki. Kijana wa Kibajuni anayeomba kitambulisho aliulizwa maswali ambayo kijana wa Nyeri hajawahi kuyasikia. Kila mara tuliambiwa ni kwa usalama, na mara nyingine ilikuwa kweli. Ndiyo maana sitaki kulitupa neno hilo, nataka lipimwe.

Na mahakama zimewahi kulipima. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi pamoja na walezi wao. Nia, tukaambiwa, ni kuwahudumia. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha, na kwamba habari zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namna isiyoliunganisha jina la mtu na hali yake. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ikakataa serikali kukusanya vinasaba vya watu na alama za mahali wanapoishi, kwa kuwa mambo hayo yaliingia ndani mno kuliko ilivyohitajika. Katika kesi zote mbili serikali ilikuwa na sababu njema. Mahakama haikubishana na sababu, iliuliza kiasi.

Hapo zamani kuhama kulikuwa na faraja yake. Faili lako la hospitali lilibaki kule ulikotoka, katika kabati la chuma, linaliwa na mende taratibu. Ukifika mji mpya ulianza na kadi mpya ya shilingi kumi na ukurasa mtupu. Sasa mambo yamegeuka. Hospitali ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na leseni ya silaha imebaki mikononi mwa serikali kuu. Lakini Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, pamoja na mfumo wa bima ya afya wa SHA ulioanza kazi Oktoba 2024, vinakusudia rekodi ya mgonjwa imfuate popote aendako. Kwa matibabu hiyo ni neema. Mzee akizirai hapa Amu, daktari aone mara moja kwamba ana sukari. Hata hivyo kabati lililofunguka kwa ajili ya daktari linaweza kufunguliwa na mwingine pia, na tukubaliane mapema funguo zinakaa wapi, kabla afisa mmoja hajapata wazo zuri la kuunganisha kompyuta ya hospitali na ya leseni za silaha.

Wazo la namna hiyo limewahi kuwajia watu, na tena visiwani. Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya Pasifiki, ina sheria kali za silaha kuliko majimbo mengi ya nchi ile. Mtu akihamia huko na bunduki yake lazima aisajili kwa polisi ndani ya siku tano tangu afike, na anayeomba kibali hutia saini ya kuruhusu rekodi zake za afya ya akili ziangaliwe. Jimbo hilohilo linaruhusu bangi ya tiba, na wagonjwa wanaoitumia huandikishwa na idara ya afya. Novemba 2017 wagonjwa wapatao 30 wa kisiwa cha Oahu wakapokea barua kutoka kwa polisi wa Honolulu: kwa kuwa unatumia bangi ya tiba, una siku 30 kusalimisha silaha zako. Watu hao walijiandikisha ili wapunguziwe maumivu ya saratani au ya mgongo, wakajikuta orodha ya dawa imekutana na orodha ya bunduki bila wao kuulizwa. Kelele zilipozidi polisi walirudi nyuma. Sheria ya Marekani yote ilikuwa upande wa polisi, kwa maana ilimkataza mtumiaji wa bangi kumiliki silaha. Nani alikuwa na haki nawaachia Wamarekani. Ninalolitazama mimi ni mgonjwa wa thelathini na moja, aliyesikia habari hiyo redioni akaamua kutojiandikisha.

Kwa maana huyo wa thelathini na moja tunaye. Pwani yetu inaujua unga wa heroini. Kliniki ya methadone ya Malindi ilifunguliwa mwanzoni mwa 2015, na vijana huenda pale kila siku kunywa dawa hiyo ya kuwasaidia kuacha unga, mbele ya mhudumu, wamejitokeza hadharani kwa ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Serikali na wafadhili walipotaka alama za vidole zitumike katika utafiti wa Ukimwi miongoni mwa wanaojidunga sindano na makundi mengine yanayonyanyapaliwa, makundi hayo yalikataa, na ripoti ya shirika la KELIN ya mwaka 2018 ikaeleza hofu yao kubwa: kwamba alama zile zitafika polisi. Hawakusubiri zifike.

Wahenga walimwonya mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua. Walimwambia mgonjwa aseme. Hawakuacha neno kwa anayeambiwa.

Na tazama sheria ilivyokuwa ikimnyamazisha mtu. Mpaka juzi tu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyemwambia daktari kwamba usiku fulani alisimama ukingoni mwa kisima alikuwa anakiri kosa. Sasa muulize mtu huyo kwa ajili ya leseni: je, umewahi kujaribu kujidhuru? Atajibu nini? Jaji Lawrence Mugambi alikibatilisha kifungu hicho tarehe 9 Januari 2025, na kwa maoni yangu uamuzi ule utasaidia kuzuia vifo vya risasi kuliko fomu nyingi za polisi, kwa sababu swali lile sasa linaweza kujibiwa kwa ukweli. Swali la kujidhuru ndilo lenye uzito kuliko yote hapa. Bastola nyumbani humwua mwenyewe upesi, haimpi nafasi ya kughairi.

Kuna kundi moja ambalo fomu ya Bodi hailigusi. Ni akina kaka zetu wa akiba, polisi wa akiba wa vijijini wanaolinda mashamba na vijiji vya bara. Bunduki yao ni ya serikali, wameipata kwa Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, na wengi wao ni haohao waliowazika jirani zao. Juni 2023, katika vijiji vya Juhudi na Salama, watu watano waliuawa usiku mmoja. Kijana aliyeokota maiti asubuhi ile akakabidhiwa bunduki jioni, nani amemuuliza kama analala? Sitaki aulizwe na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwenye gwaride mbele ya wenzake, maana atasema analala kama mtoto. Nataka awepo mtu wa afya anayeweza kumwambia, ndugu yangu, rudisha silaha ghalani mwezi huu, njoo tuzungumze, na mwezi ujao uichukue, bila neno "kichaa" kuandikwa popote. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe dharura ya taifa. Na Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imeshakadiria mwaka 2011 kwamba robo ya wagonjwa wanaotibiwa bila kulazwa wana tatizo fulani la akili. Ukichukua kila aliyewahi kukosa usingizi ukamwita hafai, nani atabaki kushika zamu kule Pandanguo?

Basi wewe mstaafu uliyehamia kwetu, karibu sana. Ukienda kwa daktari, mwambie mapema karatasi ni ya nini, na umwombe aandike jibu la swali lililoulizwa. Omba bahasha ifungwe kwa gundi. Uliza nakala itakaa wapi na kwa muda gani. Kuuliza hakukufanyi mtuhumiwa, ni haki uliyopewa na sheria. Na ikiwa habari zako zitatoka ofisini na kukufikia barazani, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi au kwa mtandao, bila ada, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Wakuu wa kaunti nao, mkiwa mnasikiliza huko Mokowe, fomu ya ukurasa mmoja kwa madaktari wetu, yenye nafasi ya jibu na saini tu, haihitaji bajeti wala semina ya hotelini.

Sasa simu ziko wazi. Najua mna visa, na vingine ni vitamu. Nina ombi moja tu: ukipiga, nisimulie kisa, jina la mgonjwa liache nyumbani. Mji wenyewe ni huu, na wanaosikiliza wanamjua.